Hakuna aliyemwona akiua: ushahidi wa mazingira unaaminika kiasi gani?

"Mdogo wangu wa kiume amehukumiwa kunyongwa wiki iliyopita na Mahakama Kuu, kwa mauaji ya rafiki yake waliyekuwa wakifanya naye biashara ya mpunga. Hakuna hata shahidi mmoja aliyesema alimwona akiua. Walichosema ni kwamba yeye ndiye aliyeonekana na marehemu mara ya mwisho usiku ule wakitoka kilabuni, kwamba alikutwa na simu ya marehemu, na kwamba kesho yake aliondoka kijijini kwenda kwa mjomba wetu Kahama. Mwenyewe alijitetea kuwa simu aliwekewa rehani kwa deni la Sh 80,000, na kwamba aliondoka kwa sababu vijana walishaanza kusema watamchoma moto. Mtaani wengine wananiambia bila shahidi wa macho rufaa itashinda tu. Wengine wanasema ushahidi wa mazingira hauna rufaa. Nani anasema kweli? Mtu anawezaje kunyongwa kwa mambo ya kukisia?"

Pole sana, dada yangu. Kabla sijagusa habari ya ushahidi, kuna jambo moja lisilongoja, nalo ni notisi ya rufaa. Aliyetiwa hatiani na Mahakama Kuu ana siku 30 tangu siku ya hukumu kuwasilisha notisi kwamba anakusudia kukata rufaa Mahakama ya Rufani. Akiwa gerezani anaikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye anaifikisha mahakamani. Usisubiri nakala ya hukumu, wala usisubiri kupata wakili mzuri. Notisi haidai sababu zote za rufaa. Hizo zinakuja baadaye. Hakikisha kwanza hilo limefanyika, kisha urudi usome haya mengine kwa utulivu.

Sasa hao wanaokushauri. Anayesema bila shahidi wa macho rufaa itashinda tu anakupa matumaini yasiyo na mguu. Hakuna sheria ya Tanzania, wala ya Kenya au Uganda, inayodai kwamba lazima mtu ashuhudie kwa macho ndipo mwingine atiwe hatiani kwa mauaji. Ingekuwa hivyo, kila anayeua usiku au porini angekuwa salama. Mahakama zetu zinaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mazingira peke yake, hata pale ambapo mwili wa marehemu haukupatikana kabisa. Na anayesema ushahidi huo hauna rufaa amepotoka zaidi. Hukumu ya aina hii ina rufaa kama nyingine yoyote, na ndiyo ambayo majaji wa rufaa wamejiwekea masharti makali ya kuipima.

Ila nahisi kinachokuumiza zaidi ni hilo neno lako, kukisia. Unaona kama mdogo wako amehukumiwa kwa dhana. Acha nikueleze ushahidi huu unavyofanya kazi, maana ukiuelewa ndipo utajua wapi pa kuukagua.

Shahidi akisema, "Nilimwona akimchoma kisu," jaji ana swali moja la msingi: je, huyu anasema kweli na aliona sawasawa? Shahidi akisema, "Nilimwona akitoka chumbani ameshika kisu chenye damu," jaji ana maswali mawili. La kwanza ni lile lile. La pili ni hili: kutoka na kisu chenye damu kunamaanisha aliua, au inawezekana aliingia akamkuta mwenzake ameshachomwa, akakichomoa kwa kuchanganyikiwa? Hiyo hatua ya pili, ya kutoka kwenye jambo lililothibitishwa kwenda kwenye jambo ambalo hakuna aliyeliona, ndiyo ushahidi wa mazingira. Si kukisia, mradi jambo la kwanza limethibitishwa kweli na maelezo mengine yote ya maana yameondolewa. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, hapo ndipo malalamiko yako yanapata nguvu ya kisheria.

Na usidhani shahidi wa macho angekuwa salama zaidi kwa mdogo wako. Mahakama ya Rufani yetu, katika kesi ya Waziri Amani mwaka 1980, ilisema utambuzi wa kuona kwa macho ni aina ya ushahidi iliyo dhaifu kuliko zote na isiyotegemeka, hivyo usitumike mpaka kila uwezekano wa kukosea uondolewe: kulikuwa na mwanga gani, umbali gani, muda gani, shahidi alimjua mtu huyo kabla au hapana. Mtu anaweza kukosea kwa nia njema kabisa, akaapa, akalia, na bado amemtaja asiyehusika. Ndiyo maana Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Hewart, alisema mwaka 1928 kwamba ushahidi wa mazingira mara nyingi ndio ulio bora kuliko wote. Alikuwa na hoja. Vinasaba havisahau, na kumbukumbu za mtandao wa simu hazina kisasi na mtu. Lakini hoja hiyo ina mwisho wake, kwa sababu kielelezo hakijisemei. Anayekisemea ni askari aliyekiokota, mtaalamu aliyekipima na wakili wa serikali anayekieleza.

Sharti kuu tunalolitumia hapa Afrika Mashariki liliwekwa na iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na kesi inayotajwa kila mara ni ya Simon Musoke, mwaka 1958. Kabla ya kumtia mtu hatiani kwa mazingira peke yake, jaji lazima aone kwamba mambo yaliyothibitishwa hayapatani kabisa na kutokuwa na hatia kwa mshtakiwa, na hayawezi kuelezeka kwa namna nyingine yoyote ya maana isipokuwa kwamba ametenda. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaongeza uzito katika kesi ya Ally Bakari na Pili Bakari, mwaka 1992: yale mambo yenyewe ambayo jaji anataka kuyatumia kufikia hitimisho lazima yathibitishwe pasipo kuacha shaka ya maana, na yaunganike wazi na hitimisho hilo. Kenya nao, katika kesi ya Sawe ya mwaka 2003, walisisitiza kwamba tuhuma, hata ziwe nzito kiasi gani, haziwezi kuwa msingi wa kumtia mtu hatiani.

Kuna hukumu nyingine napenda wateja wangu waijue, ya Teper, ya mwaka 1952, iliyotolewa na Baraza la Rufaa la London kuhusu duka lililoungua Guyana ya kikoloni. Lord Normand aliandika kwamba ushahidi wa aina hii lazima uchunguzwe kwa makini sana, kwa sababu unaweza kutengenezwa ili kumbambikia mtu, na kabla ya kuhitimisha lazima uhakikishe hakuna mambo mengine yanayodhoofisha hitimisho hilo. Mfano alioutumia unaujua tangu utotoni, uwe umesoma Mwanzo au Sura ya Yusuf: kikombe cha Yusufu kilichokutwa ndani ya mzigo wa mdogo wake. Ndugu zake walipokiona waliamini mara moja kuwa ameiba. Kikombe kilikuwa mle kweli, na aliyekitia alikuwa msimamizi wa nyumba kwa agizo la Yusufu mwenyewe.

Kwa hiyo tuichukue ile simu. Sheria inaruhusu mtu aliyekutwa na mali ya marehemu muda mfupi baada ya kifo ahesabiwe kuwa ndiye aliyeichukua, na hata kuwa ndiye muuaji, asipotoa maelezo yanayoingia akilini. Lakini Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Joseph Mkumbwa iliyofunguliwa mwaka 2007, imeorodhesha yanayopaswa kuthibitishwa kwanza: mali ilikutwa kwa mshtakiwa, imetambuliwa bila utata kuwa ni ya mwathirika, iliibwa karibuni, na ndiyo hiyo inayohusika na shtaka. Sasa kaa na mwenendo wa kesi uangalie. Nani aliitambua simu ile mahakamani, na kwa alama gani? "Ni nyeusi, ina ufa kwenye kioo" ni utambuzi dhaifu. Simu nyeusi zenye ufa ziko nyingi mno. Namba ya IMEI, ile ya kipekee ya kila simu, ilisomwa na kulinganishwa na risiti, boksi au kumbukumbu za kampuni ya simu? Wakati wa upekuzi kulikuwa na shahidi huru, mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji, aliyesaini hati ya ukamataji mali? Tangu ilipokamatwa mpaka ilipoingia mahakamani ilipita mikononi mwa nani, na kila makabidhiano yaliandikwa? Hilo la mwisho lilitiliwa mkazo katika kesi ya Paulo Maduka, ya mwaka 2007 pia, na lina uzito zaidi kwa kitu kinachobadilishana mikono kirahisi kama simu.

Nasema kwa uwazi: ikiwa mdogo wako mwenyewe alikiri mahakamani kwamba simu ni ya marehemu na alikuwa nayo, basi maswali mengi kati ya hayo yamekufa. Linabaki moja, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika kesi hii. Je, alisema habari ya rehani mapema, tangu kwenye maelezo yake ya onyo, yale aliyoandikishwa polisi baada ya kukamatwa, au aliitoa kwa mara ya kwanza kwenye utetezi? Maelezo yaliyotolewa siku ya kukamatwa yanawapa polisi wajibu wa kuyafuatilia. Deni la Sh 80,000 lina watu wanaolijua: mwenye ghala, mke wa marehemu, wenzao wa mpunga. Miamala ya simu nayo ingeweza kuonyesha kama fedha zilipita. Kama alieleza mapema na hakuna aliyejishughulisha kuuliza, wakili wake wa rufaa atakuwa na la kusema. Kama alikaa kimya mpaka kizimbani, majaji huona ni hadithi iliyotungwa baadaye, na lazima ujiandae kwa hilo.

Kuonekana naye mwisho kuna kanuni yake. Katika kesi ya Mathayo Mwalimu, iliyofunguliwa mwaka 2008, Mahakama ya Rufani ilisema aliyeonekana mwisho na marehemu, asipotoa maelezo yanayokubalika, atachukuliwa kuwa ndiye muuaji. Watu huisoma kanuni hiyo nusu. Nguvu yake inategemea saa. Wakiingia ndani ya nyumba pamoja saa nne usiku na saa tano mmoja akakutwa amekufa, nafasi ya mtu wa tatu ni ndogo mno. Wakitoka kilabuni saa nne na mwili ukaokotwa njiani baada ya siku mbili, usiku mzima na siku nzima vimepita kati yao. Daktari aliyeufanyia mwili uchunguzi alikadiria kifo kilitokea lini? Na "kuonekana mwisho" maana yake ni kuonekana na mashahidi waliofika mahakamani. Muuaji naye, kama ni mwingine, alimwona marehemu baada yao.

Kuondoka kwenda Kahama ndiyo hoja nyepesi kuliko zote tatu. Mtu kukimbia baada ya tukio ni mwenendo ambao mahakama inaweza kuuzingatia, lakini wewe na mimi tunajua mtuhumiwa anavyofanywa na wananchi wenye hasira kali. Aliyeenda kwa mjomba wake, mahali ambapo kila ndugu anapajua, hakujificha sana. Kama mtendaji wa kijiji au mwenyekiti alisikia vitisho hivyo na hakuitwa kutoa ushahidi, mwambie wakili.

Sasa tufike mahali pagumu. Wakili wa serikali atasema: sawa, moja moja yanaelezeka, lakini yote matatu kwa pamoja yamtokee mtu asiye na hatia? Hoja hii ni nzito, na mara nyingi ni ya haki kabisa. Mahakama hupima ushahidi wote kwa ujumla wake. Lakini kuna mtego ndani yake, na mfano ninaoukumbuka ni wa Uingereza. Sally Clark, mwanasheria, alifiwa na watoto wake wawili wachanga, mmoja mwaka 1996 na mwingine 1998. Alitiwa hatiani kwa kuwaua mwaka 1999. Profesa wa magonjwa ya watoto aliliambia baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya namna ile katika familia kama yake ni 1 kati ya milioni 73. Aliipata kwa kuchukua 1 kati ya 8,543 na kuizidisha kwa yenyewe, kana kwamba watoto wa tumbo moja, nyumba moja na damu moja hawana kinachowaunganisha. Tena hata kama namba ingekuwa sahihi, isingekuwa uwezekano kwamba mama hana hatia, kwa sababu mama kuwaua watoto wake wawili nalo ni jambo la nadra sana. Rufaa ya kwanza alishindwa. Ya pili, mwaka 2003, alishinda, baada ya kugundulika kwamba majibu ya maabara yaliyoonyesha maambukizi ya bakteria kwa mtoto wa pili hayakuwa yamefikishwa kwa upande wake. Alifariki mwaka 2007.

Ona inavyohusu kesi yenu. Marafiki wanaofanya biashara pamoja hunywa pamoja, hutembea pamoja usiku, hukopeshana na kuwekeana rehani. Na mtu aliyeonekana na marehemu ndiye wa kwanza kutishiwa na wananchi. Kwa hiyo mambo matatu yanayohesabiwa kuwa matatu yanaweza yote kuwa yametoka kwenye jambo moja lisilo na kosa: urafiki wao. Mambo hujumlishwa vizuri pale kila moja lina chanzo chake. Sijui kama mdogo wako ni mkweli, na wewe hukuwepo. Ninachosema ni kwamba jaji alipaswa kujiuliza swali hilo, na hukumu yake inapaswa kuonyesha alijiuliza.

Kesi nyingine inayostahili muda wako ni ya Lindy Chamberlain wa Australia. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, akiwa amepiga kambi na familia karibu na mwamba wa Uluru, alipiga kelele kwamba dingo, mbwa wa porini wa kule, amemchukua mwanawe Azaria, mtoto wa miezi miwili tu. Mwili haukupatikana kamwe. Uchunguzi wa kwanza ulimwamini. Kisha watu wakaanza kumtazama: mbona halii vya kutosha kwenye televisheni? Mumewe alikuwa mchungaji wa Wasabato, wakazusha kwamba jina la mtoto lina maana ya kafara. Mwaka 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha. Uti wa mgongo wa kesi ulikuwa ushahidi wa maabara kwamba ndani ya gari lao kulikuwa na damu ya mtoto mchanga. Rufaa zilikataliwa, ile ya mwisho, mwaka 1984, kwa majaji 3 dhidi ya 2.

Mama huyu alikuwa akisema tangu mwanzo kwamba mtoto alivaa kikoti cha juu ambacho hakikuonekana kati ya nguo zilizookotwa, na hakuaminiwa. Mwezi Februari 1986 kikoti hicho kikapatikana, eneo lenye mapango ya dingo. Akaachiwa. Tume iliyofuata ilibaini kwamba ile "damu" chini ya dashibodi ilikuwa dawa ya kuzuia kelele inayopulizwa magari yakiwa kiwandani. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na mwaka 2012 ofisi ya uchunguzi wa vifo ikaandika rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto. Pale mantiki ya majaji haikuwa mbovu. Damu ya mtoto ndani ya gari ingekuwa jambo zito kweli. Kilichokuwa kibovu ni jambo la kwanza, lile ambalo kila mtu alidhani limeshathibitishwa. Ndiyo maana nakusumbua na IMEI na hati za ukamataji kabla ya hoja kubwa kubwa.

Rufaa itaweza kufanya nini? Kwa kuwa ni rufaa ya kwanza, majaji wana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia maoni yao wenyewe, ingawa wanampa jaji wa kwanza heshima yake kwa kuwa aliwaona mashahidi. Wanaweza kumwachia huru. Wanaweza kuona alihusika na kifo lakini nia ovu haikuthibitishwa, kosa likashuka kuwa kuua bila kukusudia. Wanaweza kuamuru kesi isikilizwe upya, ingawa hawatakiwi kufanya hivyo ili tu kuipa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, nafasi ya kuziba mapengo yake. Na wanaweza kuitupa rufaa. Ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra na kwa maombi maalumu, hivyo usidhani mtasimamisha mashahidi wapya kirahisi. Jambo moja litakusaidia: mahakama hairuhusiwi kumtia mtu hatiani kwa sababu utetezi wake ni dhaifu. Kesi ya Christian Kaale, mwaka 1992, ililiweka wazi: nguvu lazima itoke kwenye ushahidi wa Jamhuri. Mkikuta hukumu inatumia kurasa nyingi kuonyesha mdogo wako ni mwongo na mistari michache kuonyesha Jamhuri ilithibitisha nini, wakili ashike hapo.

Kuhusu kunyongwa, najua neno hilo halikupi usingizi. Kwa mauaji ya kukusudia, Tanzania jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua, hata kama moyoni amebakiwa na wasiwasi kidogo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema mwaka 2019 katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Kenya, Mahakama ya Juu iliuondoa ulazima huo mwaka 2017. Hapa kwetu sheria bado ipo, ila hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994, na hukumu haitekelezwi rufaa ikiwa inaendelea.

Haya niliyoandika hayawezi kuchukua nafasi ya wakili aliyeisoma kesi yenyewe. Katika rufaa za mauaji, asiye na uwezo kwa kawaida hupangiwa wakili kwa gharama za serikali. Shida ni kwamba wakili huyo mara nyingi hukutana na mteja siku chache kabla ya rufaa kusikilizwa, kwa hiyo kazi ya kumwandalia mambo inaweza kuanzia kwako. Omba kwa Msajili nakala ya hukumu, mwenendo wa kesi na vielelezo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa wanaweza kukusaidia kuvisoma bila malipo. Wakwepe vishoka wa kwenye korido za mahakama wanaosema wanamjua jaji. Na ukienda gerezani kumwona mdogo wako, mwombe akueleze taratibu, bila kumkatiza: siku aliyokamatwa, habari ya rehani alimwambia askari gani, na iliandikwa au haikuandikwa.